Nani Yuko Upande wa Pili wa Simu?

Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa huko Makere, wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, kuwapokea Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika wakiikimbia vita ya Kivu. Walikuja na sufuria, magodoro na watoto mgongoni, na wengine walifika mikono mitupu. Miaka 19 baadaye, ghasia za Burundi za mwaka 2015 zikaleta wimbi jingine, Nyarugusu ikafurika, na kambi ya Nduta upande wa Kibondo ikafunguliwa upya. Kijiji cha Kagerankanda na vijiji vingine vya miinuko ile ya Kasulu, nchi ya mihogo, maharage na mizinga ya nyuki, vimeishi na habari hiyo mlangoni kwa muda wote huo. Mtu wa huko hahitaji kuelezwa kwamba vita huendelea kichwani mwa mtu hata baada ya bunduki kunyamaza.

Lakini si wakimbizi peke yao. Mkulima aliyepoteza shamba, mama aliyeelemewa na madeni ya matibabu ya mtoto, kijana aliyemaliza kidato cha nne na hana pa kwenda, wote wanaweza kufika mahali ambapo usingizi unakatika, chakula hakipandi, na kazi ya jana inakuwa mlima leo. Wataalamu huita hali hiyo sonona. Ndugu yake wa karibu ni wasiwasi uliopitiliza, ule unaomfanya mtu asikie moyo ukienda mbio akiwa ameketi tu nyumbani kwake. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili kwa watu wote hao hawafiki mia, na wengi wao wako Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na miji mingine mikubwa. Kutoka Kagerankanda hadi kwa mmoja wao ni nauli, siku za njiani, na maswali ya majirani.

Ndiyo maana habari ya tiba ya kisaikolojia inayotolewa kwa intaneti inastahili kuzungumzwa Kasulu na Kibondo kama inavyozungumzwa Stockholm. Ahadi yake ni rahisi kueleza: kama mgonjwa hawezi kumfikia mtaalamu, basi utaalamu umfuate mgonjwa mfukoni mwake. Je, ahadi hiyo ina ukweli kiasi gani? Utafiti wa zaidi ya miaka 20 unalo jibu, na jibu lenyewe lina mambo ambayo wauzaji wa programu za simu hawapendi kuyasema kwa sauti.

Kabla ya kwenda mbali, kuna jambo lililofanyika papa hapa. Ndani ya kambi ya Nyarugusu ulifanyika utafiti uliopewa jina la Nguvu. Miongoni mwa watafiti wake walikuwa Dk. Jessie Mbwambo na Dk. Samuel Likindikoki wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, pamoja na Wietse Tol, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani. Waliolengwa ni wanawake wa Kikongo waliokuwa wamepigwa au kunyanyaswa na wenzi wao katika mwaka uliotangulia, na ambao pia walionekana kuelemewa na huzuni na hofu. Walikutana kwa vikundi, vikao 8, na walioviongoza vikao hivyo hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wakimbizi kama wao, waliopewa mafunzo na kusimamiwa. Sehemu moja ya vikao ilihusu fikra zinazomnyonga mtu, kama ile inayomwambia mwanamke kwamba kipigo ni kosa lake. Sehemu nyingine ilihusu usalama wake na mahali pa kupata msaada. Lilikuwa jaribio la awali, la kuona kama jambo linawezekana, na likaonyesha kwamba linawezekana hata ndani ya kambi: wanawake walikuja, na waliikubali huduma.

Mbinu hiyo ilikuwa imepita Kongo kwanza. Mwaka 2013 jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya utafiti wa Judith Bass na wenzake mashariki mwa Kongo, kwa wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono. Kundi moja lilipata tiba ya vikundi ya kuchambua fikra, kundi jingine likapata ushauri wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Miezi 6 baada ya tiba, wanawake wenye dalili za kufikia kiwango cha sonona au wasiwasi walikuwa asilimia 9 kwenye vikundi, dhidi ya asilimia 42 kwenye ushauri wa kawaida. Wasaidizi walioendesha tiba hiyo walikuwa na elimu ya miaka michache tu baada ya shule ya msingi. Na kwa kuwa wanawake wengi hawakujua kusoma, kazi zile ambazo Wamarekani hupewa kwenye karatasi zilirahisishwa ili zikaririwe kichwani.

Hayo yote yalifanyika watu wakitazamana. Sasa iondolewe duara ya watu, iwekwe simu. Kunabaki nini?

Waswidi ndio waliolitafuta jibu kwa subira kubwa kuliko wengine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanasaikolojia kama Gerhard Andersson na Per Carlbring walianza kupima kama tiba ya fikra na tabia, ile iliyoanzishwa na Aaron Beck huko Philadelphia katika miaka ya 1960, inaweza kutolewa kwa maandishi kupitia intaneti. Mwaka 2007 Stockholm ikapata kliniki ya umma ya namna hiyo, ambako mgonjwa anapimwa, anasajiliwa, kisha anatibiwa akiwa kwake.

Utaratibu wenyewe hauna miujiza. Mgonjwa anafungua somo la wiki, analisoma, kisha anapewa kazi ya kufanya. Anayeogopa kuwa mbele za watu anaandika ngazi ya hofu zake, kuanzia ndogo hadi kubwa: wiki hii amsalimu muuza duka na kumuuliza bei, wiki ijayo asimame mwenyewe kwenye foleni ndefu, na mwisho wa safari aweze kusema maneno mawili kwenye kikao cha harusi. Mwenye sonona anaanza upande mwingine. Anaandika alichofanya kila siku na alivyojisikia, kisha anapanga kurudisha kimoja kimoja yale aliyoyaacha: kwenda kwaya, kupalilia mistari miwili, kumtembelea shangazi. Hangoji hamu irudi ndipo afanye. Anafanya, na hamu hufuata nyuma. Masomo huchukua wiki 10 hivi, mara nyingine zaidi.

Kisha kuna jambo ambalo msomaji wa haraka hulipita. Nyuma ya masomo hayo kuna mtu. Mtaalamu anasoma alichoandika mgonjwa na kumjibu kwa meseji, na kazi hiyo humchukua kama dakika 10 au 15 kwa mgonjwa mmoja kwa wiki. Ukilinganisha na saa nzima ya kukaa ofisini, mtaalamu mmoja anaweza kuwahudumia watu wengi zaidi kwa wiki hiyohiyo. Hapo ndipo ilipo faida ya intaneti kwa nchi yenye wataalamu wachache. Dakika 10 ni chache, lakini zipo.

Waaustralia nao walikuwa na programu yao, MoodGYM, iliyotengenezwa Canberra na kuwekwa wazi kwa watu mwaka 2001. Utafiti wa Helen Christensen na wenzake, uliochapishwa mwaka 2004 katika British Medical Journal, uliwahusisha watu 525 wenye dalili za sonona, na walioitumia programu hiyo walipata nafuu kuliko kundi la kulinganishia. Watu wengi walisoma habari hiyo wakahitimisha kwamba tovuti imetibu. Lakini katika utafiti ule, kila wiki kuna mtu wa kawaida, asiye mtaalamu, aliyekuwa akiwapigia simu washiriki kuwaelekeza sehemu ya kwenda katika masomo yao.

Waingereza wakaja kulijua hilo kwa gharama. Mwaka 2015 Simon Gilbody na wenzake walitangaza matokeo ya wagonjwa 691 wa sonona kutoka kwa madaktari wa kawaida wa Uingereza. Baadhi yao walipewa programu za kompyuta, MoodGYM ikiwa mojawapo, juu ya huduma waliyokuwa wakiipata kwa madaktari wao. Walipigiwa simu pia, lakini zilikuwa za kuwahimiza na kuwasaidia kiufundi, siyo za tiba. Programu hazikuongeza kitu cha maana. Sababu ilionekana mapema: wengi waliishia somo la kwanza au la pili. Mtu aliyeshindwa kunyanyuka kitandani kuoga, anaambiwa afungue kompyuta ajifunze mwenyewe! Halafu tunashangaa amelifunga somo.

Programu za simu janja zina hali mbaya zaidi. Mwaka 2019 Amit Baumel na wenzake walipima matumizi halisi ya programu 93 za afya ya akili zinazopakuliwa na watu. Kwa programu ya kati katika orodha hiyo, siku 30 baada ya kuipakua, waliokuwa bado wanaifungua walikuwa asilimia 3.3. Kwa hiyo kampuni inapotangaza kwamba programu yake imepakuliwa na watu milioni, msikilizaji ana haki ya kuuliza ni wangapi wameifungua mwezi wa pili.

Mwaka 2021 Eirini Karyotaki na kundi kubwa la watafiti walikusanya data za watu 9,751 kutoka majaribio 39 ya tiba ya sonona kwa intaneti. Tiba yenye msindikizaji na ile isiyo naye zote zilisaidia kuliko kukaa bila tiba. Wale ambao sonona yao ilikuwa nyepesi hawakuona tofauti kubwa kati ya hizo mbili. Wale waliolemewa kwa kiwango cha kati au kikali walinufaika zaidi walipokuwa na mtu wa kuwafuatilia, ingawa tofauti hiyo ilipungua na kutoonekana kadiri miezi ilivyopita. Matokeo hayo yanafaa kuwekwa ukutani katika kila ofisi inayofikiria kununua programu kwa ajili ya watu wa vijijini, kwa sababu anayemfikia mhudumu Kasulu baada ya kuhangaika mwaka mzima mara nyingi si mwenye sonona nyepesi.

Basi swali la msindikizaji ndilo swali lenyewe, na hapa Afrika Mashariki haina sababu ya kukaa nyuma ya darasa. Wakati Ulaya ikibishana kama mtu asiye mwanasaikolojia anaruhusiwa kugusa tiba, huku jambo hilo lilikuwa tayari linapimwa. Katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, mwaka 2003, utafiti wa Paul Bolton ulionyesha kwamba vikundi vya wanakijiji vikiongozwa na watu wa palepale waliofunzwa vinapunguza sonona kwa kiasi kikubwa. Viungani mwa Nairobi, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulihusisha wanawake 421 waliowahi kukutana na ukatili wa kijinsia, na vikao 5 vya kukabili matatizo viliendeshwa na wahudumu wa afya wa jamii. Waliopata vikao hivyo walinufaika zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Moshi nchini Tanzania na Bungoma nchini Kenya, watoto 640 waliofiwa na wazazi walishiriki katika utafiti wa Shannon Dorsey na wenzake, na washauri hawakuwa wataalamu wa saikolojia. Mara tu baada ya tiba, katika maeneo 3 kati ya 4 ya utafiti huo, tiba ilileta nafuu kubwa kuliko huduma iliyokuwepo.

Ugonjwa wa korona wa mwaka 2020 ukailazimisha kazi hiyo iingie kwenye simu. Shirika la StrongMinds, lililokuwa likiendesha vikundi vya wanawake chini ya miti nchini Uganda, lilihamishia vikundi hivyo kwenye mazungumzo ya simu ya pamoja. Simu ya kitochi ilitosha.

Kenya kumekuwa na majaribio mengine yanayostahili kutazamwa kwa makini. Tom Osborn, Mkenya aliyeanzisha taasisi ya Shamiri, pamoja na wenzake, walichapisha mwaka 2020 utafiti wa wanafunzi 103 wa sekondari. Nusu walipata somo moja tu la kwenye kompyuta, la kama saa moja, kuhusu namna mtu anavyoweza kubadilika, kushukuru, na kuishi kwa mambo anayoyathamini. Wengine walipata somo la mbinu za kujisomea. Wiki 2 baadaye dalili za sonona zilikuwa zimepungua zaidi kwa kundi la kwanza. Saa moja! Ni matokeo ya kutia moyo, na ni ya muda mfupi. Jambo la kuangalia ni mahali lilipofanyika: kompyuta zilikuwa za shule, ndani ya chumba cha shule, mwanafunzi hakuhitaji bando wala simu ya kaka yake. Sekondari ya Kasulu yenye chumba cha kompyuta na umeme wa uhakika, na umeme huo sasa unatoka kwenye Gridi ya Taifa badala ya jenereta za dizeli, iko karibu na mfano huo kuliko nyumba yoyote ya Kagerankanda.

Kiambu nako, watafiti walijaribu kuwahudumia wajawazito na mama waliojifungua kwa mazungumzo ya meseji na programu iliyoitwa Zuri, ambayo hujibu yenyewe bila mtu kuandika. Lilikuwa jaribio dogo la kuona kama chombo kinatumika, na halipaswi kubebeshwa zaidi ya hapo. Siku hizi, ambapo kila kijana mwenye simu janja anaweza kuiuliza mashine ya akili unde usiku wa manane kwa nini halali, jaribio lile linaonekana kama la zamani sana. Lakini swali lake bado bichi: mashine ikielezwa na mama kwamba anataka kumdhuru mtoto au nafsi yake, ni nani anayeinuka kwenda kugonga mlango? Huyo mtu lazima awepo, ajulikane kwa jina, na awe na nauli.

Jaribio linalokaribiana zaidi na hali ya Nyarugusu na Nduta limefanyika mbali, Lebanon. Shirika la Afya Duniani lilitengeneza programu ya intaneti ya masomo 5, kwa jina la Kiingereza Step-by-Step, na kuijaribu pamoja na mpango wa taifa wa afya ya akili wa nchi hiyo. Ndani yake kuna mhusika wa kuchora anayesimulia jinsi alivyozama kwenye huzuni na alivyotoka. Kila wiki msaidizi aliyefunzwa, ambaye si mtaalamu, anawasiliana na mtumiaji kwa kama dakika 15. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulihusisha wakimbizi wa Syria 569, na sonona yao ilipungua kuliko ya wale waliopata huduma ya kawaida. Wakati huo sarafu ya Lebanon ilikuwa ikiporomoka na korona imetanda. Wengi waliacha katikati, na watafiti wenyewe hawakulificha. Hata hivyo, kuna mkimbizi aliyekuwa hana ada ya daktari wala ruhusa ya kuzurura mjini, na akapata nafuu akiwa kwenye chumba chake cha kupanga.

Je, Lebanon inaweza kuhamishiwa Kigoma? Moja kwa moja, hapana. Msyria wa Beirut alikuwa na simu janja na alisoma Kiarabu. Huku kwetu simu ya mwanamke wa kijijini, akiwa nayo, mara nyingi ni kitochi. Kuichaji kunahitaji jirani mwenye sola au safari ya kwenda dukani kulipia. Mtandao unapatikana mlimani na kupotea bondeni. Masomo ya Waswidi yana kurasa na kurasa za maandishi, na tumekwisha kuona kwamba Kivu ilibidi maandishi yageuzwe kuwa maneno ya kukariri.

Kwa sababu hiyo, utafiti unaofaa kuigwa kwanza huenda usiwe wa intaneti kabisa. Uko Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino, upande wa Nile Magharibi. Wietse Tol, yuleyule wa Nyarugusu, na wenzake walitoa matokeo yake mwaka 2020 katika Lancet Global Health. Wanawake 694 kutoka Sudan Kusini, katika vijiji 14, walishiriki. Nusu ya vijiji ilipata kozi ya vikao 5 vya saa 2, na kozi yenyewe ilikuwa imerekodiwa kwa Kiarabu cha Juba. Wanawake 20 hadi 30 walikaa pamoja, mwezeshaji aliyefunzwa kwa muda mfupi akabonyeza kitufe, sauti ikaanza kuzungumza. Ilieleza namna ya kutulia wakati mawazo yanapotifuka, namna ya kuyatambua bila kuburutwa nayo, na namna ya kufanya jambo dogo lenye maana hata siku mbaya. Walipewa pia kitabu cha picha. Miezi 3 baadaye, waliohudhuria walikuwa na msongo mdogo kuliko wenzao ambao hawakupata kozi.

Mtu wa redio akisikia hivyo lazima masikio yasimame. Kigoma na Kagera zina historia ya redio kwa wakimbizi: Radio Kwizera ya Ngara ilianzishwa mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti linalowahudumia wakimbizi, na sauti yake imefika kambini na kwa wenyeji. Tena kuna neema ya lugha. Muha wa Kasulu na Mrundi wa Nduta husikilizana bila mkalimani, hivyo sauti moja iliyorekodiwa vizuri inaweza kuwafikia wote wawili, na nyingine ya Kiswahili ikawafikia Wakongo.

Lakini redio hewani haifanani na kinasa sauti cha Rhino, na tofauti yao isichezewe. Mtangazaji hamuoni anayelia. Hawezi kusimama msikilizaji anapouliza. Nchini Rwanda, mchezo wa redio wa Musekeweya, ulioanza mwaka 2004 kuzungumzia chuki na majeraha ya nafsi, ulichunguzwa na Elizabeth Levy Paluck. Aliwakusanya watu wasikilize pamoja kwa mwaka mzima. Matokeo yake ya mwaka 2009 yalionyesha kwamba mchezo ulibadilisha mawazo ya watu kuhusu kile ambacho jamii inakikubali, wakawa wepesi zaidi wa kusema yaliyo moyoni na kupingana hadharani, ingawa imani zao binafsi hazikubadilika sana. Kwa ugonjwa ambao watu wanauficha kwa aibu, hatua hiyo peke yake si ndogo. Redio inaweza kumfanya baba wa Kagerankanda aone kwamba kukosa usingizi kwa miezi 3 ni jambo la kupeleka zahanati. Tiba yenyewe inataka kikundi, mwezeshaji na kikao cha wiki ijayo.

Mwezeshaji huyo atatoka wapi? Tarehe 31 Januari 2024 serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kuwa na wahudumu 137,294 nchi nzima kwa miaka 5. Aliyeuzindua ni Dk. Philip Mpango, Makamu wa Rais wa wakati huo, mwenyeji wa Buhigwe, jirani kabisa wa Kasulu. Wahudumu hao ndio wanaozijua nyumba, wanajua nani amefiwa na nani ameacha kutoka nje. Wana mzigo mkubwa tayari: malaria, chanjo, lishe, kifua kikuu, wajawazito. Kuwaongezea sonona bila kuwapunguzia kitu kingine, bila posho na bila msimamizi wa kumpigia simu jambo linapowashinda, itakuwa ni kuwatwisha tu. Katika karibu kila utafiti uliotajwa hapa, wasaidizi walikuwa na mtu aliyewasimamia kila wiki. Fedha za utafiti zinapokwisha, usimamizi ndio hukatwa wa kwanza, na ndipo unapokuta kijitabu kizuri cha mafunzo kikikaa kabatini. Intaneti ingeweza kufanya kazi yake nzuri zaidi hapo: msimamizi mmoja akiwa Kasulu mjini au Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, akizungumza kwa simu na wahudumu 10 walioko vijijini, kwa bando la mradi na siyo la mfukoni mwao.

Na kuna suala la simu ni ya nani. Wanawake wa Nguvu walichaguliwa kwa sababu walikuwa wanapigwa nyumbani. Tiba ya aina hiyo ikiingizwa kwenye simu, meseji inayosema "ulilalaje jana, aliyekupiga alirudi?" inaweza kusomwa na aliyepiga. Laini inaweza kuwa imesajiliwa kwa alama za vidole vya mume, simu inalala chini ya mto wake, na mtoto ndiye anayesomea wazazi meseji zinazoingia. Mwaka 2020, huduma za wanawake walionyanyaswa zilipohamia kwenye simu sehemu nyingi duniani, wahudumu walijifunza kuanza na mambo madogo kabla ya tiba yoyote. Huuliza kama yuko peke yake na kama ni salama kuzungumza. Hukubaliana siku na saa ya kupiga, na mhudumu hapigi nje ya saa hiyo. Huchagua neno moja la kawaida ambalo mwanamke akilitamka, mhudumu anajua kuna mtu ameingia, na mazungumzo yanageuka hapohapo kuwa habari za kliniki ya mtoto au bei ya maharage sokoni. Meseji hufutwa baada ya kusomwa, na asiye na simu yake mwenyewe hapewi tiba ya simu: anapangiwa kuja kituoni siku ya kliniki, siku ambayo hakuna mtu nyumbani atakayeuliza anakwenda wapi.